Mimi nilishabadilishwa jina. Sasa ni zamu ya mwanangu?

Somo, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 28, nimeolewa hapa Tanga, Ngamiani, na huu ni mwaka wa nne. Nina mimba ya miezi saba, ya kwanza. Kipimo cha ultrasaundi kimesema mtoto ni wa kike, na tangu siku ile nyumba yetu imegeuka bunge.

Nianze nilikotoka ili unielewe. Nimezaliwa Moshi, katika familia ya Walutheri. Mama alinilea peke yake kwa biashara ya ndizi sokoni. Mume wangu nilikutana naye chuoni, tukapendana, nikasilimu kabla ya ndoa. Nasisitiza kwamba sikulazimishwa na mtu. Nilisoma, nikauliza, nikaridhika, na mpaka leo sijutii sala yangu hata moja.

Kinachonikaa moyoni ni jambo dogo la siku ile. Baada ya kutamka shahada niliulizwa jina langu, nikasema Upendo. Nikaambiwa hilo halifai, tutafute la Kiislamu. Mtu mmoja aliyekaa nyuma akasema "Salma", wenzake wakaitikia, wakaandika. Haikuchukua dakika mbili. Jioni nilimpigia mama kumweleza. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Jina nililokupa limekukosea nini?" Mama alimpokea mume wangu, alikuja harusini, alikula nasi, lakini hakuwahi kuniita Salma hata siku moja. Amefariki mwaka jana kwa kisukari. Alikuwa anaitwa Neema.

Sasa twende kwenye mtoto. Mume wangu anataka Tasnim. Siku hizi anahudhuria darsa baada ya magharibi, na amekuwa mtu wa kutaka kila kitu kiwe na dalili. Anasema jina la mtoto wa Kiislamu lazima liwe la Kiarabu, na bora litoke ndani ya Qur'ani. Mama mkwe, mtu wa Wete, Pemba, ambaye tunaishi naye, anataka Mwanakombo, jina la marehemu mama yake. Anasema mtoto wa kike wa kwanza ni wa upande wa baba, ndivyo alivyokuta na ndivyo atakavyoacha. Mume wangu akamjibu, "Mama, mambo yakiharibika si tunasema yameenda kombo? Nimpe mtoto jina hilo?" Mama mkwe hakula usiku ule. Kesho yake asubuhi alisema neno moja tu: "Huyo Mwanakombo ndiye aliyenifundisha Alhamdu." Wiki ya tatu hii wanasalimiana kwa heshima tu, kama wapangaji. Wifi yangu aliyeko Muscat naye anatuma orodha kwenye WhatsApp kila siku, majina ambayo yote maana yake ni nuru ya mwezi au malkia wa peponi.

Mimi nilisema mara moja tu. Tulikuwa tunakula, nikasema, "Mimi napenda Neema." Pakawa kimya. Mume wangu akasema taratibu, bila ukali, "Hilo jina la kanisani. Watu watasema hujatoka vizuri." Nikainuka nikaenda jikoni kama naongeza mchuzi.

Sikuwaambia kwamba ni jina la mama. Kwao aliitwa Mama Upendo, na mume wangu alimwita Mama. Sijui kama anakumbuka jina lake. Aliliona kwenye msalaba siku ya mazishi, kwani alikuja Moshi, akalala chini na wanaume wa kwetu siku tatu, lakini msiba una mambo mengi. Na mimi sitaki kumwombea mama yangu nafasi kama mtu anayeomba sadaka.

Jirani yangu ameniongezea hofu. Anasema mtoto akipewa jina la marehemu aliyekufa kwa maradhi huyarithi, na tena kumpa mtoto jina la asiyekuwa Mwislamu ni dhambi.

Naomba unijibu. Je, Neema si jina la Kiislamu kweli? Mama ana haki gani kwenye jina la mtoto? Na nikinyamaza wakachagua wao, nitakuja kulichukia jina la mwanangu mwenyewe? Usiku akinipiga mateke namwita Neema kwa sauti ya chini, mume wangu akiwa amelala.

Mama Mtarajiwa, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa mama. Msiba wa mama hauhesabiwi kwa mwaka, na mjamzito humtaka mama yake kuliko wakati mwingine wowote. Hilo peke yake lingetosha kukunyima usingizi, hata kama nyumbani kusingekuwa na bunge.

Barua yako niliisoma jioni, nikairudia alfajiri. Mara ya kwanza nilihesabu majina matatu: Tasnim la mumeo, Mwanakombo la mkweo, Neema lako. Mara ya pili nikaona kuna la nne, na ndilo ulilolianza wewe mwenyewe kabla hujafika kwa mtoto. Upendo. Nitalirudia. Kwanza nijibu ulichouliza, maana umeuliza wazi. Mimi si shekhe, lakini nilikaa mkekani kama watoto wote wa pwani, na yanayonizidi nayauliza kwa wanaoyajua.

Neema ni neno la Kiarabu lililoingia Kiswahili zamani, ni'ma, na limo ndani ya Qur'ani mara nyingi. Limo katika Surat An-Nahl, aya ya 18, isemayo kwamba mkizihesabu neema za Mwenyezi Mungu hamtazimaliza. Limo mwishoni mwa Surat Adh-Dhuha, sura ambayo watoto wa chuoni huihifadhi mapema, pale Mtume anapoamrishwa aisimulie neema ya Mola wake. Kwa hiyo kwa kipimo cha mumeo mwenyewe, la Kiarabu na la kwenye Msahafu, Neema na Tasnim wamekaa mkeka mmoja. Tasnim ni chemchemi ya peponi iliyotajwa katika Surat Al-Mutaffifin, jina zuri kabisa, nisije nikaonekana nalisema vibaya. Kilichotokea ni kwamba ndugu zetu Wakristo wa nchi hii wamelipenda sana jina la Neema, wakalibatiza mpaka masikio yetu yamelizoea upande ule. Mumeo hakusikia vibaya, basi. Amesikia kama mtaa unavyosikia.

Lakini na mimi nina swali dogo juu ya kipimo chenyewe. Nani alisema jina la Kiislamu lazima liwe la Kiarabu? Maryam, mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake ndani ya Qur'ani, jina lake halikuanzia kwa Waarabu. Ibrahim na Yusuf ni hivyo hivyo. Mariya, aliyeletwa kwa Mtume kutoka Misri, alibaki na jina lake la Misri. Na neno kuwemo ndani ya Msahafu hakulifanyi kuwa jina: Hawiya limo, Surat Al-Qari'a, lina sauti nzuri ya kike, na ni Moto. Mwambie wifi yako wa Muscat apitie orodha zake kwa makini, kwani wanaoandika zile maana za malkia na mwezi wengine hawajawahi kufungua kamusi.

Kinachoangaliwa hasa ni maana. Mtume alibadilisha majina, ndiyo, lakini tazama aliyoyabadilisha. Palikuwa na mwanamke aliyeitwa Asiya, kwa ain na sad, yaani mwasi, akamwita Jamila. Palikuwa na Barra, maana yake mwema mchamungu, akalibadilisha likawa Zainab, na Barra mwingine akawa Juwayriya, kwa sababu mtu hajitangazii utakatifu. (Hapo hapo nikutolee tahadhari, kwa kuwa sisi tunaandika kwa herufi za Kilatini: Asiya mke wa Firauni, yule mwema, haandikwi kama Asiya mwasi. Kwenye cheti chetu yote mawili ni Asia. Jina lolote mtakalolichagua, mtu aliandike kwanza kwa herufi za Kiarabu, mlione.) Yaliyokuwa na maana nzuri aliyaacha. Bibi Khadija alipewa jina lake na wazazi wa Makka miaka mingi kabla ya Uislamu kutangazwa, na hakuna aliyemwambia atafute jingine.

Umeona ninakoelekea? Aliyelitoa jina si lazima awe Mwislamu ndipo jina lifae. Kwa hiyo hofu ya jirani kuhusu dhambi iweke pembeni. Na ile ya maradhi, mwanangu, kisukari hakifuati jina. Kinaweza kufuata damu, kwa hiyo ukienda kliniki mwambie mkunga kwamba mama yako alikuwa nacho, akupime sukari kama hajakupima. Hilo lina faida kwako kuliko maneno ya jirani.

Na Upendo lina ubaya gani? Mimi sioni. Anayesilimu hatakiwi kuacha jina lake ila likiwa na maana mbaya, kama mja wa kitu kisichokuwa Mungu. Waliokuwepo siku ile nadhani hawakuwa na nia mbaya. Ni mazoea tu, na mazoea hukimbia. Dakika mbili kwao, na kwa mama yako akabaki na swali mpaka kaburini. Salma nalo ni jina jema, lina salama ndani yake, huenda umelizoea na kulipenda. Sikwambii ulirudishe la zamani. Nakuuliza tu: unapodai Neema, ni mtoto unayemdaia peke yake, au kuna Upendo mdogo pale nyuma anayetaka safari hii aulizwe kabla ya kuandikwa? Kama ndivyo, ni haki yako kuhuzunika. Ila ni vizuri uyatenganishe, maana mumeo ukimdai madeni mawili kwa mkupuo, hatajua ni lipi alipe.

Umeuliza haki ya mama. Hapa sitakupamba. Wanazuoni wamelizungumza, na Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliandika kwamba wazazi wakivutana juu ya jina, haki ni ya baba, kwani mtoto huitwa binti fulani kwa baba yake. Mumeo akiiuliza darsa yake, jibu atakalopewa huenda likawa hilo. Lakini soma Surat Aal Imran, aya ya 36. Mke wa Imran amejifungua mtoto wa kike, anasema mwenyewe kumwambia Mola wake: nami nimemwita Maryam. Mama ndiye aliyetoa jina hilo. Wafasiri wanaeleza kwamba Imran alikuwa ameshafariki, kwa hiyo si hoja ya kumshinda nayo mume aliye hai, ila inatosha kuonyesha kwamba kinywa cha mama si kigeni kwenye jambo hili. Na kanuni ile ya baba imewekwa kwa ajili ya wanaovutana. Nyinyi bado hamjavutana. Mlichofanya mpaka sasa ni kusema mara moja moja mezani na kila mtu kuinuka na sahani yake.

Ndipo hapa ninapotaka kukuvuta sikio kidogo, kwa mapenzi. Umeandika kana kwamba jina la mama yako limekataliwa. Mimi nilivyosoma, jina la mama yako halijawahi kutajwa katika nyumba ile. Lililotajwa ni Neema, jina ulilosema unalipenda, kama mtu anavyopenda rangi ya kitambaa. Wamekataa kitambaa. Kwetu mwanamke akizaa jina lake hufunikwa, anakuwa Mama Upendo, na watu wanaweza kuishi naye miaka thelathini wakalijua jina lake msibani, likiwa limeandikwa kwenye mbao. Hata bibi yule wa Wete, nadhani tangu azikwe hakuna aliyemwita Mwanakombo mpaka mama mkwe alipolitamka juzi, likajibiwa kwa mzaha wa kwenda kombo.

Inawezekana mumeo hakumbuki. Inawezekana pia anakumbuka vizuri sana. Mwanamume aliyelala chini Moshi siku tatu si mtu asiyesoma msalaba. Huenda analijua na anaogopa: anaogopa maneno ya barazani, anaogopa wenzake wa darsa, anaogopa mkewe asije akasemwa kuwa mguu mmoja ndani mmoja nje. Alichokwambia si kwamba yeye analichukia jina. Alisema watu watasema. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili, na wewe hujui, na halitajulikana kwa kuongeza mchuzi jikoni.

Unasema hutaki kumwombea mama nafasi kama sadaka. Naielewa heshima hiyo. Lakini kumsimulia mtu si kumwomba. Mtafute mumeo mkiwa wawili, si mezani mbele ya mama yake, ambapo atajiona lazima achague upande. Usianze na jina. Anza na ndizi za sokoni, na lile swali la kwenye simu. Mwambie usiku unamwita mtoto kwa jina gani. Kisha mnyamaze, mumpe Mungu nafasi. Hatari ipo, siifichi: anaweza kusikia yote akasema bado anataka Tasnim, na hapo utaumia zaidi ya sasa, kwa kuwa leo unaweza kujifariji kwamba angejua asingekataa. Pima kama uko tayari kwa hilo kabla au baada ya kujifungua. Wengine wangekushauri umkabili na aya nilizokutajia. Aya zitakupa ushindi wa hoja, na mtu aliyeanza darsa hivi karibuni akishindwa hoja na mkewe ndani ya nyumba yake, simwoni akilitamka jina hilo kwa furaha siku ya saba. Acha aya hizo ziwe jibu atakapouliza.

Mama mkwe je? Huyu ndiye aliyenigusa kuliko nilivyotegemea. Mnadhani mnashindana naye, na mimi naona nyinyi wawili ndio mnaotaka kitu kimoja. Unajua neno hili mnaloniitia, somo, lina maana mbili kwetu. Ni mwanamke anayemfunda mwari, na ni mtu mliyefanana naye jina. Yeye anamtafutia mama yake somo. Wewe pia. Mumuulize, wewe hasa, kwa nini yule bibi aliitwa Mwanakombo. Yapo majina ya wazee wetu yaliyotolewa kwa uchungu, Shida, Tabu, Mashaka, pengine wazazi walikuwa wameshazika watoto kabla ya huyo, wakampa jina lisilotamanika ili abaki. Sisemi lake ni hivyo. Nasema maana ya jina la mtu haipatikani kwa kulikatakata kama kamba. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, aliyemtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa nasaha mwaka 1858, alikuwa na jina la Kiswahili lisilo na herufi moja ya Msahafu, na sijasikia anayeutilia shaka Uislamu wake. Bibi Titi Mohamed vivyo hivyo.

Ila mumeo naye hana kosa kuijali maana. Siti binti Saad, yule aliyetoka kijiji cha Fumba, Unguja, na sauti yake ikafika Bombay kwenye santuri mwaka 1928, wazazi walimwita Mtumwa. Mjini wakambadilisha, wakamwita Siti, bibi mheshimiwa, na nani leo angetamani arudishiwe la kwanza? Na ipo ile ya mzee Hazn, jina lenye maana ya ugumu wa ardhi. Mtume alimwambia, wewe uwe Sahl, wepesi. Akajibu hawezi kulibadili jina alilopewa na baba yake, na Mtume hakumlazimisha. Mjukuu wake, Said bin al-Musayyab, alikuja kusema kwamba ugumu ule haukuwatoka katika ukoo. Kisa hicho huwa nakipenda kwa sababu kila upande wa nyumba yenu unaweza kukichukua: mkweo atachukua ya mtu kushikilia jina la wazazi, mumeo atachukua ya ugumu uliobaki.

Njia za kati zipo, nawe unazijua pengine. Wazee wa pwani walikuwa na jina la utotoni na jina la ukubwani, na mpaka leo nyumba nyingi mtoto ana la cheti na la nyumbani. Mnaweza kumwandika Tasnim na bibi yake akamwita Mwanakombo na wewe ukamwita Neema. Inapendeza kuisema. Katika kuiishi, jina moja huwala wenzake, kwa kawaida la shule, na miaka kumi baadaye unaweza kujikuta wewe tu ndiye unayesema Neema, tena kwa sauti ya chini kama sasa. Mkitaka kuyaunganisha mawili kwenye karatasi, kumbukeni fomu zetu zinataka jina lake, la baba, la babu. Ukiandika Neema Tasnim, karani wa kesho atadhani Tasnim ndiye baba, na mtoto atakwenda kula viapo mahakamani kila akiomba kitambulisho. Hakikisheni tu kinachoandikwa kwenye tangazo la kizazi hospitalini ndicho mnachokitaka, herufi kwa herufi, maana uchovu wa siku ile umezaa Zainabu na Zaynab na Zainab ndani ya mtu mmoja.

Yapo pia majina ya ukoo mmoja na Neema. Naima limetoka kwenye mzizi ule ule, na masikio ya mtaani hayatalipeleka kanisani. Baadhi ya wanaotaka kumbukumbu bila makelele huridhika nalo. Wengine humtazama mtoto kila siku wakaona jina limefika mlangoni halikuingia. Wewe ndiye unayejua utakuwa upi.

Na lipo la kusema hapana kwa sasa, mtoto wa kwanza aende upande wa baba, wa pili awe wangu. Nyumba nyingi zimeishi hivyo kwa amani. Ukilichagua, lichague kwa mdomo, likubaliwe, lisiwe ahadi uliyojiahidi mwenyewe kimyakimya halafu ukamdai mtu asiyejua anadaiwa. Na kila mtu akumbuke kwamba wa pili yuko mikononi mwa Mungu. Hata huyu wa kwanza, usisahau ultrasaundi hukosea. Bibi harusi mmoja wa mtaani kwetu alijiandaa kwa Zuhura akamleta Zuberi. Wekeni na la kiume akibani.

Sasa lile swali lako la mwisho, kama utakuja kulichukia jina. Hapa nataka uone kitu ambacho naona hamjakizungumza kabisa. Jina mnalolichagua halitakuwa la mtoto peke yake. Siku ya akika, mbuzi akishachinjwa na nywele zikishanyolewa, wewe ndiye utakayebadilika jina kuliko yeyote. Hakutakuwa tena na Salma wala Upendo kibarazani, sokoni, kliniki. Utakuwa Mama Tasnim, au Mama Mwanakombo, au Mama Neema, na huenda ukaitwa hivyo miaka hamsini, mpaka watu walisahau lako. Mumeo naye atakuwa Baba fulani, lakini kazini bandarini au ofisini wataendelea kumwita kwa lake. Wewe hapana. Kwa hiyo usijione unaingilia jambo la ukoo wa watu unapotaka kauli. Hilo ni jina lako la tatu, na mawili ya kwanza hukuulizwa. Mwambie mumeo na hilo. Nadhani ni mwanamume wa kulielewa, ingawa simjui zaidi ya ulivyomwandika.

Jaribu jambo moja usiku, kabla hujazungumza na mtu. Yaseme yote matatu kwa sauti, ukiwa na neno Mama mbele yake. Sikiliza mwili wako unasema nini. Huenda Mama Neema likakuliza kwa furaha. Huenda likakushtua, maana kumwita mtoto kwa jina la mama kila asubuhi, kumkemea kwa jina hilo, kumtuma dukani kwa jina hilo, wengine hawaliwezi. Wengi waliowapa watoto majina ya wazazi wao huishia kuwaita Bibi au Mama, ulimi ukikataa kumfokea marehemu.

Muda unao. Jina linaweza kutolewa siku ya kwanza, kwani Mtume alipozaliwa mwanawe Ibrahim alimpa jina usiku ule ule, na linaweza kungoja siku ya saba. Una miezi miwili na siku saba. Nakuombea ujifungue salama, wewe na mwari wako, na mama yako Mungu aijuaye hali yake awe naye.

Umetia sahihi Mama Mtarajiwa. Ukijifungua niandikie tena, na chini ya barua andika jina unalotaka nikuitie. Lolote kati ya yale. Gazeti halitalichapa, ni langu mimi na wewe.

Somo